Mwezi wa watoto wetu haukusimama wima

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, malango ya shule kadhaa za kibinafsi jijini Nairobi hutundikwa mabango ya kambi za likizo. Zamani zilikuwa kambi za kuogelea, za muziki na za kandanda. Siku hizi zimeongezeka kambi za sayansi ya anga za juu, tena si za vijana wa sekondari pekee, bali hata za watoto wa chekechea wenye umri wa miaka 4 na 5. Mtoto hutengeneza roketi ya karatasi, huvishwa kofia ya boksi iliyopakwa rangi ya fedha, na siku ya mwisho wazazi hualikwa kumsikia akizitaja sayari kwa mfululizo bila kukwama. Baadhi ya mabango hayo, kwa Kiingereza chake, huziita kambi za kiangazi, jambo la kuchekesha kwa yeyote aliyewahi kuamka Limuru mwezi wa Agosti.

Sina ugomvi na kambi zenyewe. Heri mtoto acheze na boksi kuliko afungiwe darasani akirudishwa kwenye herufi alizokwisha kuzisoma muhula mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mafunzo ya ziada wakati wa likizo, na kila mwalimu anajua jinsi katazo hilo linavyokwepwa. Neno langu ni juu ya kile ambacho mtoto hutoka nacho huko kambini.

Mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka 5, alirejea kutoka kambi mojawapo na picha aliyoichora mwenyewe. Alikuwa amechora nyumba yao, mti, na juu ya mti mwezi mchanga uliolala chali, pembe zake zikitazama juu kama mashua. Kando yake mtu mzima alikuwa amemchorea mwezi mwingine, huu umesimama wima kama herufi C, ili ajue mwezi "sahihi" unavyokuwa. Mtoto huyo hakuwa amekosea. Aliyekosea ni msahihishaji.

Hebu msomaji atoke nje siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, jua likiisha kuchwa, atazame upande wa magharibi. Sisi tunaishi juu ya ikweta au jirani nayo. Kwetu jua na mwezi huzama karibu wima, na kwa kuwa upande wa mwezi unaong'aa ndio unaolielekea jua lililokwisha kutangulia chini, mwanga hukaa chini na pembe mbili huelekea juu. Katika nchi za Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani, mwezi huteremka kwa mshazari, na kwa hiyo huonekana umeinama au kusimama. Wachoraji wa vitabu vya huko walichora walichokiona, nao hawana lawama. Lawama ni yetu tunaozipokea picha zao, tukazibandika ukutani, kisha tukazitumia kumsahihisha mtoto ambaye macho yake hayana kasoro.

Na si mwezi peke yake. Mtoto wa London hufundishwa kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini, na kwake ndivyo kilivyo mwaka mzima. Simika kijiti cha mita 1 katika ua wa shule jijini Nairobi katikati ya Agosti, mnamo saa sita na nusu mchana. Kivuli, ambacho hakizidi sana urefu wa rula ya mwanafunzi, kitaelekea kusini. Rudia zoezi hilo mwezi wa Desemba, nacho kitakuwa kimehamia kaskazini. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua hupita utosini na kivuli karibu kitoweke kabisa. Hili ni onyesho ambalo mtoto wa Ulaya hawezi kuliona katika ua wa shule yake hata siku moja. Sisi tunalo bure, nasi tunamwita mtoto ndani akapake rangi pete za Zohali!

Kambi ya anga inayoigwa zaidi duniani, ile ya Huntsville katika jimbo la Alabama, Marekani, ilianzishwa mwaka 1982, na haikuundwa kwa ajili ya mtoto wa chekechea. Wanaoiteremsha hadi kwa mtoto wa miaka 4 hupunguza ukubwa wa kofia na ugumu wa maneno, wakidhani kwamba wamekwisha kumfikia. Watafiti Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha mwaka 1992 utafiti wao kuhusu watoto 60 wa shule za msingi nchini Marekani. Wengi wa watoto hao waliweza kusema kwamba dunia ni mviringo. Walipoulizwa zaidi, wengine walidhihirisha kwamba wanaiwaza kama sahani, na wengine kama tufe lenye uwazi ndani ambamo watu hukaa, mbingu zikiwa juu yao. Hao walikuwa wakubwa kuliko watoto tunaowazungumzia hapa. Basi mzazi anayepiga makofi mwanawe anapozikariri sayari ajue kwamba anaipigia makofi kumbukumbu tu. Na hata kumbukumbu hiyo yaweza kuwa imechakaa, kwani zipo kuta ambazo hadi leo zina sayari 9, ilhali wanaastronomia waliiondoa Pluto katika orodha mwaka 2006.

Mtoto wa umri huo aweza nini basi? Mengi. Aweza kukitia kivuli chake alama ya chaki asubuhi, akarudi adhuhuri akastaajabu kimeenda wapi. Aweza kuuchora mwezi kila jioni kwa juma moja na kuona unavyonenepa. Aweza kuambiwa asilikodolee jua macho, na akaambiwa ni kwa nini. Katika chumba chenye giza aweza kuushika mpira mbele ya tochi na kuona kwamba daima nusu yake i gizani. Hapo usiku na mchana vimekwisha kuanza kufunzwa, bila ya neno moja gumu kutamkwa. Mwalimu akitaka kumwonyesha umbali wa mwezi, atwae mpira wa kandanda uwe dunia na limau dogo liwe mwezi, kisha awaulize watoto wakaliweke limau wanapodhani. Watalisogeza hadi ligusane na mpira, kama lilivyo vitabuni. Mahali pake hasa ni kama mita 6 na nusu kutoka kwenye mpira. Mimi mwenyewe nilipolipima umbali huo nilijikuta mlangoni.

Watakuwapo watakaosema kwamba nawarudisha watoto nyuma, kwamba nchi inayotaka wanaanga iwaanze mapema. Hoja hiyo ina uzito. Ni hapa kwetu, katika jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ambapo setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba mwaka 1970, siku ya sikukuu yetu, nayo ikavumbua vyanzo zaidi ya 300 vya miali ya eksirei angani. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani, na mwezi wa Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka California. Wanafunzi na wasimuliwe haya, lakini kwa wakati wake. Kazi ya setilaiti ile ya Uhuru ilikuwa kuangalia na kurekodi kilichopo, pasipo kujali kilichotarajiwa. Mtoto aliyefundishwa kuukana mwezi alioutazama, akauamini ule wa bangoni, ameanzishwa safari kwa mguu usiofaa.

Kisha kuna suala la nani anayefikiwa. Chekechea za umma ziko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010, na mwalimu wake mara nyingi hana hata chaki ya rangi. Akiambiwa kwamba elimu ya anga ni helmeti na projekta, atakata tamaa kabla ya kuanza, naye ndiye mwenye ua mpana na usiku usio na taa za barabarani. Mtoto wa Lodwar au wa Lamu ana anga nyeusi tititi ambayo yule wa Nairobi hana. Pwani, watoto hupanda madarini na kushindana nani atauona mwezi wa kwanza wa Ramadhani au wa Idi, na hakuna anayewatoza ada.

Nakiri kwamba Agosti yenyewe ni mwezi mgumu kwa wakazi wa nyanda za juu. Mawingu hufunika Nairobi, Nyeri na Limuru kwa siku nyingi mfululizo, na mwalimu aliyeahidi nyota aweza kuaibika. Kwao likizo ya Desemba, mvua za vuli zikiisha, ina faida zaidi, na kilimia huwa kimekwisha kupanda kabla ya watoto kwenda kulala. Agosti wabaki na tochi, mpira na limau.

Wachapishaji nao wana kazi moja isiyohitaji gharama. Kabla ya kuchapa kitabu kingine cha watoto wa PP1, mchoraji wao na atoke nje jioni moja, autazame mwezi, ndipo arudi mezani. Yule mtoto wa jirani nilimwita uani jioni moja tukautazama pamoja. Aliuelekezea kidole, akaniuliza kwa nini leo haujasimama kama alivyoambiwa kambini.