Waya wa Umeme Usipite Ndani ya Mto, Upite Chini Yake



Kiangazi hiki vikundi vya ng'ambo ya mto vinaniletea swali moja. Umeme uko upande huu, vitunguu na nyanya viko upande ule, na dizeli ya pampu inakula faida yote. Sasa maji yamepungua, mchanga uko wazi, na fundi ameshawaambia: "Tuchimbe mtaro humu humu mtoni, tulaze kebo, tufukie." Hela anayotaka ni ndogo. Mimi nasema msikubali.

Mto hautulii sehemu moja. Mvua zikianza, maji yanabeba mchanga wa chini na kukata kingo. Kebo mliyoifukia Septemba, Aprili inaweza kuwa wazi inagongwa na magogo. Humo humo watu wanachota maji na ng'ombe wanakunywa. Ikichubuka, hasara haitakuwa ya vitunguu tena, itakuwa ya roho za watu.

Kama mto ni mwembamba na kingo ni imara, waya upite juu kwenye nguzo. Ni nafuu na inatosha. Lakini kwa mto mpana unaohamahama na kula kingo, naona kikundi kijipange kwa njia ya kutoboa chini ya mto.

Teknolojia hii si ngeni. Mwaka 1971 bomba la gesi lilipitishwa hivyo chini ya mto Pajaro huko California, Marekani, kwenye bonde la wakulima. Mashine inakaa ng'ambo moja, inatoboa tundu dogo kwa mshazari, linapita chini ya mto na kuibukia upande wa pili. Kichwa cha kutobolea kina kifaa kinachotoa mawimbi, hivyo fundi anajua kiko wapi na kina gani. Kisha tundu linapanuliwa, linavutwa bomba la plastiki la HDPE, lile lile mnalolijua kwenye umwagiliaji. Kebo inapita ndani ya bomba hilo. Siku ikiharibika, mara nyingi inavutwa na kubadilishwa bila kutoboa upya.

Kiukweli, bei yake ni kubwa na hatari zake zipo. Tundu linashikiliwa na tope la bentonaiti, ule udongo unaovimba ukilowa, ambao wengine wanauziba nao mabwawa yasivuje. Tope likipenya na kutokea mtoni, linafunika mazalia ya samaki. Likimwagwa shambani, linaziba udongo, maji hayapenyi, na kipande hicho kitakusumbua misimu.

Kwa hiyo kabla hamjasaini, shikilieni haya:

1. Udongo wa chini ya mto upimwe kwanza. Changarawe na mawe makubwa vinaweza kukwamisha kazi katikati.

2. Mashimo ya kuanzia na kutokea yakae mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Bodi ya maji ya bonde lenu na TANESCO washirikishwe tangu mwanzo.

3. Iandikwe tope litakusanywa wapi na nani ataliondoa. Udongo wa juu uwekwe pembeni, urudishwe juu.

4. Mpewe ramani ya njia na kina. Juu ya njia hiyo hakuna kupanda miti, kuchimba kisima wala kupitisha jembe la kuvunja tabaka gumu.

5. Mwulize umeme utavuka kwa msongo gani. Waya mrefu wa msongo mdogo unapoteza nguvu njiani, na umeme hafifu unaunguza mota ya pampu. Umbali ukiwa mkubwa, ni bora uvuke msongo wa kati na transfoma ikae upande wa mashamba.

6. Ombeni bei ya kuvuta bomba la pili, tupu, wakati mashine iko hapo hapo. Kuiita tena baadaye ni gharama mpya.

Kikundi kimoja peke yake hakiwezi mzigo huu. Vikundi vitatu vya ng'ambo moja, vikiunganisha maombi na michango, vinaweza kukaa mezani. Kama hela haijatosha mwaka huu, endeleeni na dizeli msimu mmoja zaidi, au pampu ya sola kwa eneo dogo. Faida ikichelewa, mtaipata msimu ujao. Mtoto akipigwa na umeme mtoni, hakuna msimu wa kumrudisha.