Fundi wa simu, achana na traiga ya watu

Jumamosi moja, soko la Kibirichia likiwa limejaa magunia ya waru mpaka barabarani, tajiri mmoja wa viazi aliingia kwenye kibanda changu na kufunga mlango nyuma yake. Mimi hutengeneza simu, redio na kitu chochote chenye skrubu. Nilidhani ameleta simu. Akatoa mguu wa kuku.

"Kijana, hii iko na leseni, usiogope," akasema. "Shida iko hapa kwa traiga. Ni nzito, halafu inakwaruza. Nimeona YouTube ni kazi ya dakika ishirini. Unasugua tu kidogo ndani."

Nikamwambia, "Mzee, hapana." Akaongeza bei. Nikasema hapana tena. Wasee, siwezi kuwadanganya, hiyo hapana ya pili iliniuma. Pesa aliyotaja ni kodi ya kibanda ya miezi miwili. Tena najua mikono yangu ingeweza kujaribu. Niliacha chuo mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo kwa sababu karo iliisha kabla ya hamu kuisha. Kufungua chuma na kuona kinavyofanya kazi ndiyo starehe yangu.

Nimeandika hii kwa sababu najua si mimi peke yangu nitaulizwa. Kila soko liko na kijana mwenye bisibisi na bando.

Kwanza tuwe wakweli: alichotaka mzee si ujinga. Kifyatulio kizito kinavuta mkono wote, mdomo wa bastola unahama, na risasi inaenda ambako hukulenga. Polisi wa New York walibeba Glock zilizowekewa kifyatulio cha ratili 12, zaidi ya kilo 5, wakati ya kawaida ni kama nusu ya hapo. Nia ilikuwa nzuri, askari asifyatue kwa bahati mbaya. Lakini Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walipiga risasi 16 wakimkabili muuaji, na wapita njia tisa wakaumia. Watu wengi walianza kuuliza kama uzito ule haukuchangia. Kwa hivyo ndiyo, traiga mbaya ni shida ya kweli.

Sasa, mbona nilikataa?

Sababu ya kwanza iko ndani ya chuma chenyewe. Ukivuta kifyatulio, unaondoa kipande kidogo kilichoshikilia nyundo au pini isiruke. Sehemu zinazoshikana hapo ni ndogo sana, na mara nyingi ugumu wa chuma uko juu juu tu, kama ganda la yai. Ukisugua kupita kiasi, traiga itakuwa tamu wiki ya kwanza, kisha chuma laini cha chini kianze kulika. Siku moja bastola inaanguka kutoka kwenye kiti cha gari na kufyatuka yenyewe. Simu niliyoiharibu haiwaki, basi. Bastola niliyoiharibu inawaka bila kuulizwa.

Na usiseme mafundi wakubwa hawakosei. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer, yenye wahandisi na mashine za kupimia kila kitu, ilitangaza kuboresha bure bastola yake ya P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Kati ya vipande walivyobadilisha ni kifyatulio chenyewe, wakaweka chepesi zaidi. Kama wao walipitwa na hilo, mimi na msasa wangu wa kununua dukani ni nani?

Sababu ya pili ni sheria. Leseni ya bunduki Kenya ni ya mtu, haizunguki kama kitabu cha kuazima. Ile bastola ikibaki kwenye meza yangu usiku mmoja, mzee ana cheti, mimi sina kitu. Na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inaachia kazi ya kutengeneza silaha wafanyabiashara waliosajiliwa. Desemba 2018 serikali iliwapa hata wenye leseni siku 90 wapigwe msasa upya. Kama tajiri anachunguzwa hivyo, kijana wa kibanda ataeleza nini?

Kuna jamaa aliniambia, "Lakini wazee wetu walitengeneza bunduki msituni." Kweli. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mlima Kenya, wakiwemo wa huku kwetu Meru na Embu, waliunda bunduki kwa mabomba ya maji, komeo za milango na vipande vya mpira. Nawavulia kofia. Lakini zile bunduki wakati mwingine zililipukia mikononi mwa mwenye kuzishika. Walikubali hatari hiyo kwa sababu walikuwa wanapigania ardhi na hawakuwa na nyingine. Mimi ningeikubali kwa sababu ya kodi ya kibanda. Hizo si sababu za kuwekwa kwenye mizani moja.

Sababu ya tatu ni mahali tunapoishi. Kibirichia iko juu, Isiolo iko chini, na kati yetu kuna ng'ombe. Watoto wa huku wanajua mlio wa bunduki kabla ya kujua kusoma. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 pale Ngong, na bado hatulali vizuri. Mahali kama hapa, fundi akijulikana kwamba anagusa silaha, mteja wa pili hatakuja na leseni. Atakuja usiku. Na huyo hutamwambia "Mzee, hapana" mara mbili.

Basi mzee afanye nini? Nilimwambia hivi: airudishe kwa muuzaji aliyesajiliwa, akatwe risiti, kazi ikiharibika ajue mlango wa kubisha. Halafu aende uwanja wa kulengea shabaha akafunzwe. Mara nyingi kidole ndicho kigeni, si traiga. Ukivuta kwa pole, mara nyingi, chini ya mwalimu, ule uzito unauzoea.

Na kwa Bodi ya Leseni za Silaha nina ombi moja dogo: mtu akichukua cheti, apewe siku hiyo hiyo jina la fundi halali aliye karibu naye. La sivyo atatutafuta sisi, na si sote tuliolipa kodi mwezi huu.

Mzee aliondoka akinuna. Jumanne alirudi, nikajiandaa kwa vita. Akaweka mezani simu iliyopasuka kioo na kuniuliza, "Hii nayo utakataa?"

Niliitengeneza kwa dakika ishirini.