Jina la Askari Lisizikwe Naye



Jumapili hii nimeazimia kuzungumza juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu za Unguja huogopwa kutajwa mpaka siku yake ifike. Nalo ni mazishi ya mzee aliyepata kuwa askari.

Mtaani kwetu, huku Ng'ambo, alikuwepo mzee mmoja aliyeuza kahawa barazani. Sote tulimjua kwa kahawa yake na kwa ukimya wake. Alifariki baada ya sala ya Alfajiri, na kama ilivyo ada yetu Waislamu, hakucheleweshwa. Aliswaliwa Adhuhuri, na kabla ya Alasiri tulikuwa tumekwisha kumhifadhi Mwanakwerekwe. Watu walijaa, dua ikasomwa, tukatawanyika.

Siku ya tatu, hitima ilipomalizika, mwanawe mkubwa alifungua sanduku la marehemu akitafuta hati ya nyumba. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, alikuta nishani pamoja na karatasi za utumishi. Baba yake alikuwa mpiganaji wa Vita vya Kagera. Kijana alimwendea mama yake, aliyekuwa amekaa eda, akamwuliza kwa nini hakusema. Bibi yule akamjibu: "Nilijua, mwanangu. Lakini hakuna aliyeniuliza, na siku ile kila mtu alikuwa na haraka."

Maneno hayo yamenikaa moyoni, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Vita vile havikuwa jambo dogo. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwezi Oktoba 1978. Jeshi letu liliwarudisha nyuma, likaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakamalizika mwezi Juni mwaka huo huo. Vijana wa Visiwani walikuwemo katika safu hizo, kwani Jeshi la Wananchi la Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, ni la pande zote mbili za Muungano. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini wakati ule leo ni wazee wenye wajukuu, na kila mwaka idadi yao hupungua.

Sasa tuitazame sheria. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuwaenzi Waasisi wa Taifa, yaani Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Mwaka 2006 ikatungwa sheria ya mazishi ya viongozi wa kitaifa. Wakazi wa Unguja tuliona utaratibu wa mazishi ya namna hiyo tarehe 2 Machi 2024, Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alipozikwa Mangapwani kwa heshima zote za taifa. Lakini sheria hizo mbili zinawahusu wakubwa. Askari wa kawaida aliyestaafu hutegemea taratibu za jeshi lenyewe, na jeshi, hata likiwa na nia njema kiasi gani, haliwezi kufika katika msiba ambao halikuarifiwa.

Hata mahali ambapo sheria imemtaja askari wa kawaida, mlango hufunguliwa na jamaa zake. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2000, sheria ya shirikisho huagiza kwamba askari wasiopungua wawili wahudhurie maziko ya mwenzao aliyestaafu kwa heshima. Bendera hukunjwa na kukabidhiwa wafiwa, na tarumbeta ya maombolezo hupigwa. Baadhi ya majimbo ya nchi hiyo yameongeza sheria zao wenyewe juu ya hiyo. Hata hivyo, yote hayo hufanyika familia ikiomba. Familia isiyojua haiombi, na isiyoomba haipati.

Bahari yetu wenyewe inatufundisha somo hilo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilipigwa na manowari ya Kijerumani, Königsberg, hapa hapa bandarini Unguja. Makaburi ya mabaharia wake yapo kisiwani Chapwani, na mpaka leo mgeni huonyeshwa. Lakini katika vita vile vile vijana wa Unguja na Pemba walichukuliwa kwenda bara kuwa wapagazi wa jeshi la Kiingereza. Wengi katika wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi na njaa, nao hawana hata jiwe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Asiyeandikwa hupotea mara mbili.

Najua wapo wazee watakaonipinga. Watasema kuharakisha maiti ni sunna, na kwamba milio ya bunduki haina nafasi makaburini. Mimi sisemi maiti acheleweshwe hata kwa saa moja. Nasema habari zitangulie. Kisiwa chetu ni kidogo; taarifa iliyotolewa asubuhi hufika kambini kabla ya Adhuhuri. Na kama mzee mwenyewe hataki gwaride wala risasi, basi hilo nalo lijulikane kwa kinywa chake angali hai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani mwako yumo mzee wa jeshi, keti naye. Mwulize alitumikia kikosi gani na namba yake ya utumishi ilikuwa ipi. Karatasi zake ziwekwe mahali panapojulikana na watu wawili, si mmoja. Ijulikane mapema nani atakwenda kwa sheha na nani ataarifu kambi iliyo karibu. Mambo haya hayagharimu hata senti moja.

Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Katika maadhimisho hayo Rais huweka mkuki na ngao, na Mkuu wa Majeshi huweka sime. Ni heshima kubwa, lakini hutolewa kwa wote kwa pamoja. Heshima ya mtu mmoja huanzia barazani kwake, kwa mwanawe anayeuliza na mkewe anayesikilizwa.

Yule kijana wa mtaani kwetu ameipeleka nishani kwa fundi, ikatiwa fremu ya mbao. Imetundikwa ukumbini, juu ya birika la kahawa. Wajukuu huuliza ni kitu gani, na bibi yao sasa huwaeleza.