Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, Wazee Wetu Nao Wapewe Leseni ya Kufungisha Ndoa

Kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Nairobi

Mheshimiwa,

Nilikuwepo binti wa dada yangu alipoolewa na kijana wa Kirasta. Ngoma za nyabinghi zililia hadi jua likatua. Wazee waliwaombea, na wazazi wa pande zote mbili wakasimama wakaridhia mbele ya watu. Kijana yule alipofariki, mwajiri wake alimtaka mjane alete cheti cha ndoa. Hakuwa nacho. Mzee aliyewafungisha hana leseni, na katika sheria tuliyonayo hakuna mlango wa yeye kuiombea.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinataja ndoa za aina 5: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mrasta hayumo. Myahudi hakutajwa, wala Mbaha'i. Ilhali Katiba ya 2010, Ibara ya 45(4), iliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua ndoa zilizofungwa chini ya mfumo wowote wa kidini. Wowote, Mheshimiwa. Na Septemba 2019, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa ajili ya nywele zake, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni dini. Nywele zikapata ulinzi. Ndoa bado.

Najua jibu: waende ofisini kwako, ndoa ya kiserikali haimkatai mtu. Ni kweli. Lakini Mkatoliki haambiwi kwamba padri wake hatoshi, wala Mwislamu kwamba imamu wake hatoshi. Mpwa wangu alijua ameolewa mbele ya Mungu na jamaa zake. Sasa amebakiwa na kwenda kortini kuomba ndoa yake idhaniwe kuwa ilikuwepo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra. Ana watoto wawili wa kulisha, na hana pesa za wakili.

Nakuomba upeleke Bungeni marekebisho ya kifungu hicho, dini zilizoachwa ziingizwe, na Msajili wa Ndoa awape viongozi wao leseni kwa masharti yaleyale ya wengine: umri wa miaka 18, ridhaa, mashahidi wawili, usajili. Atakayekiuka anyang'anywe.

Mzee yule angali hai. Ana daftari lenye majina na tarehe za wote aliowafungisha, na bado anaandika.

Wako mwananchi,
Mjomba wa mjane