Tumetolewa Bila ya Kufungwa



Kila zinapopangwa kura za Kombe la Mataifa ya Afrika, mabaraza yetu ya Unguja na Pemba hujaa maneno. Huyu yuko na Senegal, yule yuko na Misri, na mwengine mwenye moyo wa subira yuko na Taifa Stars. Hakuna hata mmoja aulizaye Zanzibar imepangwa na nani. Si kwamba tumelisahau jina letu, bali tumekwisha kuzoea kwamba jina hilo halitiwi ndani ya chungu cha kura. Mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyapiga vita leo, kwani mtu akizoea kunyimwa haki yake, mwisho huiona haki yenyewe kuwa ni jambo la ajabu.

Kwanza natueleze namna timu za taifa zinavyoingia katika mashindano hayo, maana wengi wetu tunajua nani kashinda lakini hatujui mlango uko wapi. Kwa mashindano ya mwaka 2025, ambayo mwenyeji wake alikuwa Morocco, timu 52 ziliandikishwa. Nane zilizokuwa chini kabisa katika orodha ya daraja ya FIFA zilikutana mwezi wa Machi 2024, mbili mbili, nyumbani na ugenini. Nne zikatoka na nne zikapita. Hizo nne, pamoja na 44 zilizokuwa zikingoja, zikafanya timu 48, zikagawanywa makundi 12 ya timu nne nne, na baina ya Septemba na Novemba kila timu ikacheza mara sita. Wawili wa juu wa kila kundi wakapita, isipokuwa katika kundi la Morocco, ambamo mwenyeji alikuwa na nafasi yake tangu mwanzo na ikabaki moja tu ya kugombaniwa. Jumla ni 24.

Utaratibu huu hatuna la kuulaumu. Una ukali wake, na una huruma yake. Ukali wake waliuonja Guinea siku ya tarehe 19 Novemba 2024 pale Dar es Salaam: walihitaji sare tu, wakafungwa bao moja na Simon Msuva, na Tanzania ikapita badala yao. Sisi tulilishangilia bao lile, na hatuoni haya kusema hivyo. Ama huruma yake iko katika ile hatua ya kwanza ya wanyonge. Somalia, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikicheza mechi zake za nyumbani katika viwanja vya watu, ilipewa nafasi yake. Djibouti ilipewa. Mauritius ilipewa, na Sao Tome na Principe, visiwa vyenye watu wachache kuliko mkoa wetu mmoja wa Mjini Magharibi, vilipewa. Wote wanne walitolewa. Walakin walitolewa kwa mpira. Walivaa jezi zao, wakaimba wimbo wao, wakafungwa, wakarudi kwao na kuambiwa na watu wao kwamba kipa hakufaa.

Zanzibar haikufika hata hapo. Nchi yenye watu 1,889,773 kwa hisabu ya mwaka 2022, yenye shirikisho lake la mpira, ligi yake, na mabingwa wake ambao CAF yenyewe huwapokea kila mwaka katika mashindano ya vilabu vya Afrika, haimo katika wale 52, wala haimo katika wale nane wa chini. Klabu ya Zanzibar yaweza kwenda Cairo au Tunis kugombania kombe la Afrika. Lakini wachezaji wale wale, wakivaa jezi ya nchi yao, wanakuwa hawajulikani. Jee, hii ni akili gani?

Jawabu ya vitabuni ni kwamba sisi ni mwanachama mshirika tu wa CAF, si mwanachama kamili, na mashindano ya timu za taifa ni ya wanachama kamili. Hiyo ni kweli. Lakini waliosema hivyo husahau kusema kwamba tumepata kuwa wanachama kamili, na tumetolewa.

Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Siku hiyo hiyo Ahmad Ahmad wa Madagascar alimwangusha Issa Hayatou, aliyekikalia kiti cha urais tangu mwaka 1988. Furaha ilikuwa mbili kwa moja: tumeingia, na rais mpya ni mtu wa kisiwani kama sisi, hahitaji kufundishwa kisiwa ni kitu gani. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, huko Rabat, mkutano ulioongozwa na yule yule mtu wa kisiwani ukatufuta. Miezi minne! Katika miezi hiyo hatukupata kucheza hata mechi moja ya mchujo wa Kombe la Mataifa. Hatukukataa kucheza na timu yoyote, hatukuvunja kanuni, hatukudaiwa ada. Tulitolewa bila ya kufungwa, jambo ambalo hata Djibouti haikufanyiwa.

Na angalia Mwenyezi Mungu alivyowajibu. Mwezi wa Disemba 2017, miezi mitano baada ya Rabat, vijana wetu walikwenda Kenya kucheza Kombe la CECAFA. Waliifunga Rwanda. Waliifunga Tanzania Bara mabao 2 kwa 1. Katika nusu fainali waliitoa Uganda, bingwa aliyekuwa akilitetea kombe, kwa mabao 2 kwa 1. Na Uganda hiyo ndiyo iliyokuwa Gabon mwezi wa Januari mwaka ule ule, katika fainali za Kombe la Mataifa. Atakayesema kwamba Uganda ilileta wachezaji wa nyumbani tu, tutamuuliza: na wetu walitoka Barcelona? Katika fainali pale Machakos walitanguliwa mara mbili na Kenya, na mara mbili wakasawazisha, mpaka wakashindwa kwa penalti 3 kwa 2. Mwandishi wa makala haya aliisikiliza mechi ile barazani katika redio moja iliyozungukwa na watu zaidi ya thalathini, na penalti ya mwisho ilipopigwa hapana aliyenyanyuka kwa muda mrefu, hata muuza kahawa alisahau kudai pesa zake.

Basi ushindi ule ulituletea nini? Hapa pana dhulma ambayo wengi hawaijui. Makundi ya mchujo hupangwa kwa daraja ya FIFA. Mwenye daraja ya juu hutiwa katika chungu cha wakubwa na kukwepeshwa na wakubwa wenziwe. Daraja hiyo hupatikana kwa kuhisabu mechi baina ya wanachama wa FIFA peke yao. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, kwa hivyo kumfunga Uganda hakukutupa sisi hata nukta moja. Tulitwaa Kombe la CECAFA mwaka 1995, huko huko Uganda, na katika daftari la dunia ni kama kwamba kombe lile lilijitwaa lenyewe.

Sasa tuitazame hoja ya Rabat. Walisema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili ndani ya CAF, na kwamba kujua nchi ni ipi na ipi siyo kazi ni kazi ya Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Ukiisikia mara ya kwanza, hoja hii ina sura ya haki. Natuipeleke basi kwengine, tuone kama itasimama.

Guadeloupe ni kisiwa cha bahari ya Karibi, na ni sehemu ya Ufaransa. Si koloni kwa jina, si dola, bali ni sehemu ya Jamhuri ya Ufaransa, na watu wake hupiga kura ya kumchagua rais wa Paris. Haimo katika Umoja wa Mataifa. Haimo katika FIFA. Jee, inazuiwa kucheza mashindano ya bara lake? Haizuiwi! Shirikisho la huko, CONCACAF, linaipokea pamoja na ndugu yake Martinique, na mwaka 2007 Guadeloupe iliwatoa Honduras ikafika nusu fainali ya Kombe la Dhahabu, ambalo ndilo kombe la mataifa la bara lile. Katika timu ile alikuwamo Jocelyn Angloma, aliyekuwa ameichezea Ufaransa miaka ya nyuma, akaja kuchezea kisiwa alichozaliwa akiwa na umri wa miaka 41. Ufaransa haikugawanyika. Bendera ya Paris haikushuka. Basi wale wanaotutisha kwamba Zanzibar ikicheza peke yake nchi itapasuka, na kwamba mchezaji kama Nadir Haroub, aliyepata kuwa nahodha wa Taifa Stars na akavaa pia jezi ya Zanzibar, atachanwa vipande viwili, wamwendee Angloma wamuulize.

Na hatukuishia hapo. Visiwa vya Faroe vimo ndani ya ufalme wa Denmark, watu wake wapata 50,000; waliingia mchujo wa Ulaya na katika mechi yao ya kwanza, Septemba 1990, waliifunga Austria bao 1 kwa 0. Hong Kong ni sehemu ya China, na ilicheza fainali za Kombe la Asia huko Qatar mwezi wa Januari 2024, na China yenyewe ikiwamo katika mashindano yale yale. Curaçao imo ndani ya ufalme wa Uholanzi, na mwezi wa Novemba 2025 ilipita kwenda Kombe la Dunia. Hatuna haja ya kuitaja Uingereza na vyama vyake vinne, maana tutaambiwa Mwingereza ndiye aliyeutunga mchezo na hujipa anachotaka.

Humo ndimo mna kichekesho kikubwa. Katiba ya FIFA ina mlango kwa nchi ambayo haijapata uhuru wake: yaweza kuomba uanachama ikiwa chama cha nchi inayoitegemea kitatoa ridhaa. Maana yake ni kwamba aliyetawaliwa ana mlango. Sisi tulikuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa mwezi wa Disemba 1963, tukaingia katika Muungano mwezi wa Aprili 1964 tukiwa ni dola mbili zilizokutana. Na kwa kuwa tuliungana badala ya kutawaliwa, hatuna mlango. Na tukumbushe, bila ya kuwatamani wakoloni hata kidogo, kwamba tangu mwaka 1949 Zanzibar ilikuwa ikicheza Kombe la Gossage na Kenya, Uganda na Tanganyika kwa jina lake yenyewe. Mtoto wa protektoreti alikuwa na timu ya taifa; mjukuu wake aliye huru anaambiwa akakae jukwaani.

Jukwaani hasa! Maana kiwanja chetu wanakipenda. Tarehe 25 Mei 2025 fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na Berkane ya Morocco ilichezwa Amaan. Mwezi wa Agosti mwaka huo, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, CAF ilileta Amaan timu za taifa za Senegal, Nigeria, Kongo na Sudan, na tukawaona Wasudani wakiwatandika Wanigeria mabao 4 kwa 0. Majani yetu yanafaa, taa zetu zinafaa, vyumba vyetu vya kuvalia vinafaa. Kisichofaa ni jina letu.

Tusimlaumu mgeni peke yake. Kuna mambo yaliyo mikononi mwa watawala wetu. Michezo haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyoandikwa katika Katiba. Ni jambo la Zanzibar. Kwa nini basi jambo la Zanzibar, likivuka bahari, linageuka kuwa la Muungano? FIFA imetenga mpaka dola milioni 8 kwa kila chama mwanachama kwa miaka 2023 hadi 2026. Kwa Tanzania, chama hicho ni TFF. Sehemu ya Zanzibar ni kiasi gani, na imeandikwa wapi? Na katika haya yote tukiri pia aibu yetu: viongozi wa mpira wa visiwani, miaka nenda miaka rudi, wamegombana wao kwa wao mpaka mahakamani, na kila ugomvi umempa hoja yule asiyetutaka. Anayetaka kupewa mlango asionekane anapigania ufunguo na nduguye barazani.

Tunachodai si kikubwa. CAF ina mfano wa CONCACAF mbele yake: yaweza kumruhusu mwanachama mshirika kucheza mchujo wa Kombe la Mataifa bila ya kumgusa FIFA. Tuanzie pale walipoanzia Somalia na Mauritius, katika wale nane wa chini, mechi mbili, nyumbani na ugenini. Tukifungwa tutanyamaza.

Lakini ombi hilo haliwezi kupelekwa na karatasi hii. Lapasa lipelekwe na shirikisho la mpira la Zanzibar, likiwa na barua ya ridhaa ya TFF na barua ya Serikali zote mbili. Kwa hivyo kila tawi, Unguja na Pemba, lilitie jambo hili katika mkutano wake ujao, na wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi wamuulize waziri mwenye dhamana ya michezo kama barua hizo zimepata kuombwa tangu Rabat, lini, na nani alijibu nini. Jawabu atakayoitoa tutaichapa hapa neno kwa neno. Na kama hakujibu, tutachapa tarehe aliyoulizwa, na toleo linalofuata tutaichapa tena.