Wareno Walivyorudi Katika Vyama Vyao



Katika mkutano wa tawi letu moja hapa bondeni, memba wa shamba la maua alisimama akasema kwa sauti kubwa kwamba chama hiki ni cha wakubwa, kwamba yeye amekwisha andika barua ya kukomesha ada yake, na kwamba wenzake kumi na wawili watamfuata. Wengine wakapiga makofi. Hatukumkemea. Manung'uniko yake yana haki ndani yake: mjumbe wao hajaonekana shambani tangu achaguliwe, na shauri la saa za ziada limelala mezani. Lakini juu ya dawa aliyoichagua, yaani kutoka, twataka kumpa habari za Ureno. Huko wafanyi kazi walikuwa na vyama vibaya kuliko hiki mara mia, na njia waliyoishika yafaa ifikiriwe.

Wareno wengi wetu twawajua kwa Fort Jesus tu, waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Serikali tunayoitaja hapa ni ya juzi. Wanajeshi waliipindua jamhuri tarehe 28 Mei 1926; mwaka 1928 wakamwita mwalimu wa chuo kikuu, Dr. Salazar, atunze fedha za nchi, na mwaka 1932 akawa Waziri Mkuu. Akakaa miaka 36. Mwaka 1933, mwaka ule ule wa katiba yake mpya, alitoa sheria ya kazi iliyoigwa kwa Mussolini wa Italia. Vyama huru vikafungwa. Mahali pake vikawekwa "vyama vya taifa", ambavyo kiongozi hakuweza kushika kazi mpaka serikali imkubali. Mgomo ukawa kosa la kufungwa. Tarehe 18 Januari 1934 wafanyi kazi waligoma hata hivyo, na huko Marinha Grande, mji wa viwanda vya vioo, waliushika mji kwa saa chache mpaka askari walipofika. Wengine walimalizia katika kambi ya Tarrafal, visiwa vya Cape Verde, iliyofunguliwa mwaka 1936. Jambo hili si geni kwetu. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyi kazi wa Mombasa, alipelekwa Kabarnet mwaka 1947, si mbali na hapa Nakuru. Na Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 asiachiliwe mpaka 1961.

Ikiwa Mreno maskini alitendewa hivyo kwao, Mwafrika alitendewaje? Katika Msumbiji mtu alichukuliwa kwa nguvu kwenda kazi za barabara na mashamba, na kaskazini jamaa nzima zililazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa kampuni kwa bei iliyowekwa na wakubwa. Wamakonde wengi waliikimbia kazi hiyo, wakavuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, na baadhi wakafika hata Kwale, katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wa hao waliishi Kenya bila kitambulisho mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016. Mwaka uliofuata wakapewa. Kumbukeni kwamba chama cha MANU, kimojawapo cha vile vitatu vilivyoungana kuwa FRELIMO katika Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kilikuwa cha Wamakonde wa namna hiyo, watu wa vibarua waliokuwa ugenini.

Tena vita vyenyewe, ukivitazama asili yake, vilianzia kwenye mshahara. Tarehe 3 Agosti 1959 makuli na mabaharia wa bandari ya Bissau waligoma wakitaka nyongeza. Walipigwa risasi wakafa makumi. Januari 1961 wakulima wa pamba wa Baixa de Cassange, Angola, walikataa kulima, wakapigwa mabomu kutoka hewani. Mueda, katika Msumbiji, watu walikusanyika tarehe 16 Juni 1960 kusema na Gavana, nao wakapigwa risasi. Baada ya hapo bunduki zikajibu: Angola 1961, Guinea 1963, Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964. Dr. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa katika kitabu cha posta. Vita havikusimama.

Sasa Salazar mwenyewe. Mwaka 1968 alianguka kutoka kitini, akaumia kichwa, na Marcelo Caetano akashika mahali pake. Yule mzee aliishi mpaka Julai 1970, na waliomzunguka walimwacha aamini kwamba angali anatawala. (Tumepata kuwaona viongozi wa namna hiyo katika vyama pia, nao hawakuanguka kitini.)

Hapa ndipo tunapotaka yule ndugu wa shamba la maua asikilize. Mwaka 1969 Caetano alilegeza kamba kidogo: kiongozi aliyechaguliwa asingehitaji tena kungoja kukubaliwa na Waziri. Vile vyama vya taifa vilikuwa maganda matupu, na mtu mwenye akili angaliweza kusema, "Havinihusu." Wafanyi kazi hawakusema hivyo. Waliingia. Walikwenda kwenye mikutano ambayo zamani haikuhudhuriwa, wakasimamisha majina yao, wakapiga kura, wakawatoa vibaraka mmoja mmoja. Oktoba 1970 vyama vya Lisbon vya watu wa chuma, wa sufu, wa benki na wa maduka vilikwisha waita wenzao kuketi pamoja, na muungano huo ukaitwa Intersindical. Serikali ikashtuka ikakaza kamba tena. Mwaka 1971 viongozi wa watu wa benki wakatiwa ndani. Lakini mlango ulikwisha funguliwa, na migomo iliendelea ingawa ilikatazwa.

Waliomwangusha Caetano walikuwa makapteni, na wao pia walianza na madai ya kazi. Mwaka 1973 serikali ilitoa amri iliyowafanya maofisa wa muda kuwapita vyeo wale wa kudumu. Mfanyi kazi ye yote aliyepitwa na mtu wa jana anajua uchungu huo. Tarehe 9 Septemba 1973 walikutana kwa siri kunung'unikia vyeo, na kwa kunung'unika pamoja wakafika kwenye vita vyenyewe, ambavyo walijua haviwezi kushindwa. Tarehe 25 Aprili 1974, baada ya wimbo mmoja kupigwa katika redio saa sita na dakika ishirini za usiku, vifaru vikatoka. Watu wakatia maua ya karnesheni katika midomo ya bunduki. Polisi wa siri waliwafyatulia watu risasi mjini Lisbon, wakawaua wanne. Caetano alijisalimisha jioni. Siku ya Mei Mosi, siku sita tu baadaye, mamia ya maelfu walijaa barabarani, na ile Intersindical ilikuwapo tayari kuwapanga, kwa kuwa haikungoja uhuru ndipo ianze. Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975.

Hatusemi kwamba uhuru wa nchi ulimaliza kazi. Msumbiji huru iliweka mabaraza ya uzalishaji viwandani mwaka 1976 yaliyokuwa chini ya chama kinachotawala, na kwetu, mwaka 1965, serikali ilivivunja vyama vikuu viwili, KFL na KAWC, ikaunda COTU, ambayo Rais alipewa uwezo wa kumteua Katibu Mkuu wake. Kila serikali hupenda chama kilichofugwa. Waajiri nao hupenda zaidi. Katika mashamba kadhaa ya hapa kuna kamati za chai na soda zilizoundwa na meneja, na hizo ndizo zitakazosema kwa jina lenu siku mtakapotoka watu kumi na watatu, kisha hamsini, kisha mia.

Afisi ya tawi imeagizwa kulitoa mezani shauri la saa za ziada na kuleta majibu kwa maandishi mbele ya mkutano ujao. Mjumbe aliyepotea ataitwa ajieleze, na memba wakitaka watamwondoa kwa kura. Barua ya yule ndugu bado haijapelekwa kwa karani wa mishahara. Tumemwomba aizuie mpaka siku hiyo, naye amekubali. Fomu za kugombea ujumbe ziko afisini. Yake tumemwekea kando.