Mazungumzo ya Juma: Mahubiri na Msikilizaji Asiyenyosha Mkono



Katekista mmoja wa kijijini ameiandikia safu hii. Anasema kwamba hakubahatika kusoma chuo cha theolojia. Siku sita analima, na siku ya saba hutakiwa kusimama mbele ya watu awafundishe. Anauliza: mtu wa namna yake aandae vipi mahubiri yasiyopotea hewani kama moshi? Swali hili linawahusu wachungaji wengi, wa mijini na wa mashambani. Linazihusu pia nyumba zetu, kwani yasemwayo mimbarani Jumapili ndiyo yazungumzwayo jikoni Jumatatu.

Safu hii haina mamlaka ya kumwelekeza mtu katika imani yake. Hata hivyo, kila aliyepita chuo cha ualimu anajua kwamba mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Kwanza hujiuliza: wanafunzi watoke hapa wakijua nini? Mchungaji naye anahitaji andalio, tena kuliko mwalimu. Darasani, mtoto asiyeelewa hunyosha mkono akauliza. Kanisani hakuna anyoshaye mkono. Mwumini mwenye swali huondoka nalo, akalala nalo, na pengine akalijibu vibaya peke yake. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi ni hii: mchungaji aulize mapema maswali ambayo wasikilizaji wake hawatapata nafasi ya kuyauliza.

Kazi ianze Jumatatu, wala si Jumamosi usiku. Achague fungu lake, alisome kwa sauti mara tatu, pamoja na yaliyotangulia na yanayofuata. Kisha achukue karatasi, apige mstari katikati. Upande mmoja aandike maneno ya fungu yanavyosema hasa. Upande wa pili awaweke moyoni watu wanne wa usharika wake: mjane, kijana asiye na kazi, mgonjwa wa siku nyingi, na mtoto wa shule. Kwa kila mmoja ajiulize: huyu akisikia maneno haya, atauliza nini?

Tuchukue mfano wa talanta, katika Mathayo 25:14-30. Bwana mmoja, akisafiri, anawakabidhi watumwa wake mali: huyu talanta tano, huyu mbili, huyu moja. Wawili wanafanya biashara na kupata faida. Wa tatu anaifukia yake ardhini, na bwana wake anaporudi anamhukumu.

Mtoto wa shule atauliza: talanta ni nini? Siku hizi wengi hulisikia neno hilo wakadhani ni kipawa, kama kuimba au kucheza mpira. Katika hadithi yenyewe ni fedha. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja.

Hesabu hiyo ndogo inamjibu mjane pia. Yeye atauliza moyoni: je, mimi niliyepewa kidogo ndiye mtumwa mbaya? Mchungaji aliyejiandaa atamwonyesha kwamba katika hadithi hii hakuna aliyepewa kidogo. Atamwonyesha tena kwamba mwenye faida ya tano na mwenye faida ya mbili wanasifiwa kwa maneno yale yale, bila kupunguziwa hata moja. Linganisha mstari wa 21 na wa 23. Asiyejiandaa atawakemea maskini kwa uvivu, na mjane atarudi nyumbani akiwa ameongezewa mzigo.

Kijana naye atauliza: kosa la yule wa tatu ni lipi, maana hakuiba? Swali hili lina uzito, kwa sababu walimu wa Kiyahudi wa kale waliona kufukia fedha ardhini kuwa njia nzuri ya kuzilinda. Jibu limo katika maneno yake mwenyewe: alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, asifanye lolote. Naye mgonjwa, ambaye pengine amekopa fedha za matibabu, atashtuka kusikia katika mstari wa 27 habari za fedha kuwekwa kwa watoao riba. Mchungaji afungue Kutoka 22:25, aone jinsi sheria ya Musa ilivyokataza kumtoza maskini riba, asije akamfanya mkopeshaji wa mtaani aonekane ametakaswa na Injili.

Baada ya maswali hayo, mchungaji aandike fundisho lake kwa sentensi moja. Akishindwa, ajue bado hajalipata, arudi kusoma. Katika mfano wetu anaweza kuandika: “Hofu humfanya mtu afukie alichokabidhiwa.” Kila asemalo Jumapili litumikie sentensi hiyo. Mengine, hata yakiwa matamu, yangoje siku yake.

Sasa mifano. Mifano ya kilimo, soko na safari huwafaa watu wetu, maana ndiyo maisha yao. Lakini mfano mmoja ni mwiko: siri ya mwumini. Mwanamke aliyemweleza mchungaji wake matatizo ya ndoa, kisha akasikia mimbarani habari za “dada mmoja wa hapa hapa”, amevuliwa nguo mbele ya majirani. Jina halikutajwa, lakini kijijini nani asiyejua? Naye hawezi kunyosha mkono akajitetea. Baada ya siku hiyo yeye na wenzake hawatamwambia mchungaji jambo lolote tena.

Tahadhari hiyo ihamie hata msibani. Mama aliyezika mtoto ana swali moja asiloweza kulitamka: je, ni dhambi yangu? Mhubiri atumiaye jeneza kuwatisha walio hai amekwisha kumjibu mama huyo, na jibu lake ni la kikatili. Asome kwanza Yohana 9:1-3, ambapo wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Kuhusu urefu, Matendo ya Mitume 20:7-12 yatosha kutuonya. Paulo alihutubu hata usiku wa manane. Kijana Eutiko, aliyeketi dirishani, akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo aliweza kumrudishia kijana huyo uhai. Sisi wengine tumalize mapema. Dakika ishirini zatosha fundisho moja. Katika miji kama Bujumbura, ambako Kirundi na Kiswahili hukutana katika ibada moja, kila sentensi husemwa mara mbili, na dakika ishirini zinakuwa arobaini. Mwenye mkalimani na apunguze maneno yake nusu, atumie sentensi fupi, na ampe mkalimani fungu la siku hiyo tangu Ijumaa, walipitie pamoja maneno magumu.

Jumamosi mchungaji asimame chumbani, aseme mahubiri yake kwa sauti huku akitazama saa. Palipo na ulimi kukwama, hapo msikilizaji naye atakwama. Mimbarani achukue karatasi moja yenye vichwa vya habari tu, ili macho yake yawe kwa watu. Mwanzo na mwisho avijue kwa moyo, kwa kuwa ndipo wahubiri wengi hupotea njia: hawajui waanzie wapi, na wakifika mwisho hawajui washuke vipi.

Kazi haiishi kwa “Amina”. Mwalimu hupima kama somo limeeleweka, na mchungaji afanye vivyo hivyo. Katikati ya juma amwulize mzee mmoja na mtoto mmoja: “Jumapili mlisikia nini?” Asiwaulize kama yalikuwa mazuri, maana adabu itawafanya waseme ndiyo. Wakilirudia fundisho lake kwa maneno yao wenyewe, amshukuru Mungu. Wakisema jambo jingine kabisa, asiwagombeze. Aliandike kwenye karatasi ya juma lijalo, kwani hapo mkono mmoja umenyoshwa.

Nawe, ndugu msomaji usiyehubiri, mchungaji wako akikuuliza, mjibu kweli.